Tundu au Mtu

Hasani alikuwa amelala kifudifudi juu ya mchanga wa korongo, sikio limegusa ncha ya nondo. Ncha ya pili ilikuwa imezama hadi kugusa bomba la chuma lililopeleka maji stesheni. Alisikia maji yakipita kama kawaida, kwa sauti nzito isiyobadilika. Alisubiri kidogo ili awe na hakika, kisha akachomoa nondo, akasogea mbele na kuichomeka tena.

Korongo lilikuwa kavu kabisa. Mvua za mwisho zilikuwa zimesahaulika, na mchanga ulikuwa mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, bila hata doa la unyevu. Mtu asiyejua angesema hapawezi kuwa na maji yanayopotea mahali kama hapo.

Kwenye ukingo, chini ya mgunga, Halfani alikuwa amekaa na askari wawili. Halfani alikuwa mnyapara wa maji wa stesheni ya Dodoma, mtu wa Bagamoyo, aliyekuja na reli na hakupenda nchi isiyo na minazi. Kati yake na askari alikaa mzee Matonya, mikono imefungwa kwa kamba. Boma la mzee huyo, tembe mbili na zizi la ng'ombe, lilionekana juu kidogo ya korongo. Alikuwa amefungwa tangu asubuhi, na hakuwa amesema neno ila kuomba kofia yake ya majani, ambayo hakupewa.

"Mrangi," Halfani aliita, "hilo bomba likikujibu unitafsirie. Mimi sijui lugha ya chuma."

Askari walicheka. Hasani aliinua mkono kuonyesha amesikia, akaendelea.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tangi la stesheni, ambalo lilizoea kujaa kabla ya adhuhuri, sasa lilifika jioni bila kujaa. Juma lililopita garimoshi liliondoka na maji pungufu, likakwama njiani kuelekea Kilimatinde, na abiria wakalala porini. Bwana Lenz, mhandisi Mdachi aliyesimamia sehemu hiyo ya njia, aliwaita Halfani na Hasani akawaambia anakwenda kukagua madaraja, na kwamba akirudi Alhamisi alasiri anataka kuonyeshwa kitu kimoja kati ya viwili: tundu au mtu. Kama ni tundu, lizibwe. Kama ni mtu, atachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, boma lake litachomwa, na watu wake wataondoka kando ya njia ya reli wasirudi.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Halfani hakuhitaji muda mrefu. Katika korongo zima, kisima cha Matonya peke yake ndicho kilichokuwa na maji mengi. Visima vya jirani zake vilikuwa vimebaki na tope la kulambwa na mbuzi, lakini ng'ombe wa Matonya walikunywa asubuhi na jioni, na jirani walikuja kuomba zamu kwake. Kwa Halfani hilo lilitosha. Maji ya stesheni yamepungua, maji ya mzee yameongezeka, basi mzee ameyaiba.

Hasani naye aliliona hilo, ila hakutaka kuanzia hapo. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, fundi wa bomba. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Aliiokota kidogo kidogo kwa kubeba vyombo vya mafundi wa Kihindi tangu reli ilipokuwa Morogoro, na kwa sababu aliipata hivyo, aliogopa kurukia jibu. Aliamua kwanza kujua maji yanayotoka kwenye chemchemi ya mlimani ni kiasi gani na yanakwenda wapi.

Alianzia mwisho, kwenye tangi. Siku moja isiyo na garimoshi aliomba koki zote zifungwe, ya kuingizia maji, ya stesheni, ya karakana na ya boma la serikali, akachora mstari wa chaki mahali maji yalipofika. Maji hayakushuka, kwa hiyo tangi lilikuwa zima. Kisha alizunguka kila mahali penye koki. Waosha injini walikuwa wakiacha mpira ukimwaga maji wakati wanakula. Bustani ya boma la serikali ilimwagiliwa mara mbili kwa siku bila mtu kuambiwa, na mtunza bustani alipoulizwa alisema kabichi za bwana mkubwa haziombi ruhusa. Yote hayo yalikuwa maji yaliyopotea, lakini hata ukiyajumlisha hayakufikia pengo lililokuwepo. Halfani alipoelezwa alisema maji ni maji na mwizi ni mwizi. Hasani aliona kwamba maji yaliyotumiwa kimya kimya ni jambo moja, yaliyomwagwa kwa uzembe ni la pili, na yaliyoingia ardhini bila mtu kujua ni la tatu, na kwamba dawa ya moja haiponyi jingine.

Basi akalifuata bomba. Alipima kwa pipa moja, akilijaza kwenye kila koki ya njiani, kuanzia chemchemi. Hakuwa na saa. Alipima kwa kusoma Yasini, ambayo tangu chuoni Kondoa aliisoma kwa mwendo uleule. Kwenye chemchemi pipa lilijaa kabla hajafika katikati. Njiani kote lilijaa mahali palepale. Kwenye ukingo wa mashariki wa korongo, palepale. Kwenye ukingo wa magharibi alimaliza sura yote na pipa lilikuwa bado lina nafasi.

Kwa hiyo maji yalipotelea ndani ya korongo, kati ya ukingo na ukingo. Na kisima cha Matonya kilikuwa ndani ya korongo.

Alichomeka nondo mara nyingine. Sauti ilikuwa imebadilika. Chini ya ule mtiririko mzito kulikuwa na kitu chembamba, kama mafuta kwenye kikaango. Alisogea tena. Kile chembamba kikakua. Mbele yake ulikuwa ua wa miiba uliozunguka kisima, na alipouinua mwiba wa kwanza ili apite, mwanamke akatoka upande wa pili akasimama mbele yake.

Huyo alikuwa Hana, mke wa mtoto wa Matonya. Mumewe alikuwa ameondoka na ng'ombe wadogo kutafuta malisho. Hana alibatizwa misheni ya Mvumi na huko alijifunza Kiswahili, na asubuhi yote alikuwa ndiye mdomo wa boma lile.

"Mbukwa, dada," Hasani alisema, maana salamu ya Kigogo aliijua.

Aliitikia, lakini hakusogea. Alisema anaweza kupita, ila si na kile alichoshika. Ndani ya ua ule chuma hakiingii. Hawachoti kwa sufuria, hawachimbi kwa jembe. Ni kibuyu, mti na mikono. Ndivyo alivyokikuta kisima cha mkwe wake, na ingawa yeye ni mtu wa misheni, hakuwa tayari kuwa ndiye aliyekiharibu siku ambayo mzee amefungwa kamba.

Hasani alitazama jua. Lilikuwa limeshavuka utosi. Kiberenge cha Bwana Lenz, kigari chake cha relini, kingeweza kutokea wakati wowote kwenye daraja la reli lililovuka korongo. Angeweza kumsukuma mwanamke kando. Halfani angempigia makofi. Alifikiri kidogo, kisha akaulizia mchi. Kama kuna mchi mrefu wa kutwangia, mkavu, usio na ufa, ungemfaa.

Hana alimtazama kuona kama anadhihaki. Alipoona hadhihaki, alimtuma binti yake nyumbani, na mchi ukaletwa, mrefu kuliko mtoto aliyeubeba.

Aliuzamisha taratibu kwa kuchimba mchanga pembeni kwa mkono. Ulipogusa bomba aliinama akaweka sikio juu ya kichwa cha mchi. Hakuhitaji kusubiri. Sauti ilikuwa pale, kali, karibu mno, na mti wenyewe ulitetemeka kwenye shavu lake.

"Ni hapa," alisema.

Hana aliwaita wanawake wa boma. Hasani alidhani atawaelekeza, kumbe wao ndio waliojua. Mchanga wa korongo ukichimbwa wima humeza mtu. Walianza mbali, wakapanua shimo kama bakuli, na kila waliposhuka kidogo walilaza matawi na nyasi kuzuia kingo zisiporomoke. Walichota kwa vipande vya vibuyu na kupokezana bila kelele. Hasani alifanya kama walivyofanya. Halfani aliteremka ukingoni akasimama juu yao, mikono nyuma, akitazama kila kinachotoka.

Mchanga ukawa na unyevu, kisha ukawa uji, kisha bomba likaonekana.

Hasani alitarajia kuona alama ya shoka au tundu lililotobolewa. Hakukuwa na alama yoyote. Chuma kilikuwa kizima. Ila kwenye maungio, mahali bomba moja huingia ndani ya jingine na kuzibwa kwa katani na risasi iliyoyeyushwa, pete ya risasi ilikuwa imesukumwa nje kwa upande wa chini, na maji yaliruka pale kama upanga mwembamba. Alipitisha mkono chini ya bomba. Mkono ulipita mpaka begani bila kugusa kitu. Bomba lilikuwa linaning'inia; mchanga wa kulibeba ulikuwa umeondoka, nalo likainama kwa uzito wake, na maungio yakafunguka.

Alimwomba Halfani atume mtu afunge koki ya ukingo wa mashariki. Halfani alimtuma askari mmoja. Upanga wa maji ulipungua, ukawa uzi, ukawa matone. Koki haikufunga vizuri, lakini ilitosha kuona.

Hapo ndipo Hasani alipoinua kichwa akatazama upande korongo linakoteremkia, na akaona alichokuwa amekipita asubuhi yote. Hatua chache kuteremka kutoka kisimani kulikuwa na kibonde kilichofukiwa, chenye mabaki ya ua wa miiba yaliyooza. Chini yake kingine. Na kingine, hadi kwenye kona ya korongo. Alimuuliza Hana vile ni nini, ingawa alikuwa ameshajua.

Hana alisema ni visima vya zamani. Kisima cha mchangani hakikai. Maji yakirudi nyuma, mtu huyafuata kwa kwenda juu, huchimba ukuta wa upande yanakotokea, kiangazi baada ya kiangazi. Cha kwanza kabisa kilikuwa cha babu yake Matonya, karibu na ule mkuyu kule mbali.

Kwa hiyo kisima kilitembea. Kilikuwa kikitembea tangu kabla ya reli, na miaka miwili iliyopita stesheni ilikuja ikalaza bomba mbele yake, na kisima kikaendelea kutembea mpaka kikafika chini ya bomba na kuliondolea mchanga uliolibeba. Hakuna aliyelipiga bomba. Hata hivyo, kama watu hawa wasingechimba, bomba lisingefunguka. Hasani alilipindua jambo hilo akilini, na kila upande alioushika ulikuwa wa kweli.

Halfani naye hakuwa mjinga. Alikuwa ameangalia vile vibonde vilevile, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza siku ile.

"Umefanya kazi nzuri, mtu wa asali," alisema, akimtania kwa asali ya kwao Kondoa. "Bwana alitaka tundu au mtu. Umempatia vyote viwili."

Hasani alimwomba asiwe na haraka. Halfani akajibu, bila ubaya, kwamba haraka ni ya Bwana. Yeye ana mgongo kama watu wengine, na garimoshi likikwama tena mgongo utakaotafutwa kwanza ni wake. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kiberenge kilisikika kabla ya kuonekana. Kilisimama juu ya daraja, na Bwana Lenz akashuka tuta la reli kwa miguu, mtu mwembamba mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Hakumsalimu mtu. Aliteremka shimoni akitumia matawi ya wanawake kama ngazi, akachutama kwenye maungio, akapitisha kidole juu ya pete ya risasi, kisha akapitisha mkono chini ya bomba kama Hasani alivyofanya. Alipoinuka aliuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, lakini kilichoeleweka vizuri, nani aliyechimba hapa chini.

Halfani alimtazama Hasani, na Hasani akaelewa kwamba anapewa nafasi, na kwamba nafasi hiyo ni fupi.

Alisema wamechimba watu wa boma lile, kutafuta maji yao, kwa miti na mikono. Akaonyesha vile vibonde kimoja kimoja hadi konani. Akasema bomba halina jeraha la chombo chochote, na Bwana ameligusa mwenyewe. Mchanga umeondoka chini yake, basi.

"Mlete mzee," Bwana Lenz alisema.

Askari walimteremsha Matonya. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akajikwaa, na Hana akamshika kiwiko. Bwana Lenz aliuliza kama ni yeye aliyechimba, na kama alijua kwamba bomba liko pale. Hana akaligeuza swali kwa Kigogo.

Matonya alijibu kwa kirefu. Hakuwa na wasiwasi. Alizungumza kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Hasani alikulia jirani na Wagogo, na Kigogo kilimwingia kuliko walivyodhani. Alisikia mzee akisema kwamba alichimba kama baba yake alivyochimba. Na alisikia akiendelea, kwamba mwezi uliopita mti wa kuchimbia uligonga kile chuma, na walipofukua waliona kinatoka jasho, na jasho likawa maji. Wakashukuru, wakakimwagia pombe, wakakifukia vizuri, kwa sababu kitu kinachokupa maji wakati wa kiangazi hakisumbuliwi.

Hana alikuwa ameinamisha macho kwenye mchanga.

"Anasema alichimba kama baba yake alivyochimba," alisema.

Bwana Lenz alisubiri. Maneno yalikuwa marefu na tafsiri ilikuwa fupi. Hata mtu asiyejua Kigogo angeliona hilo. Hakumgeukia Halfani. Alimgeukia Hasani, ambaye alikuwa amesimama kwenye maji hadi vifundoni, katani mkononi.

"Wewe ni mtu wa huku. Ndivyo alivyosema?"

Hasani alihisi macho ya Halfani upande mmoja na ya Hana upande wa pili. Matone yalikuwa yakianguka kutoka kwenye maungio, na aliyasikia yote.

"Ndivyo alivyosema, Bwana," alijibu. "Nimemsikia."

Bwana Lenz aliendelea kumtazama. Kisha akamwuliza ni kwa nini, bomba lilipolazwa, hakuna aliyemwambia kwamba visima vinatembea. Hasani alisema hajui kama kuna aliyewauliza wenye visima. Bwana Lenz hakukasirika. Alifuta kidole chake kwenye suruali, akaliangalia bomba lililoning'inia, akaangalia tembe mbili juu ya ukingo.

Alitoa amri moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile. Maungio yazibwe. Chini ya bomba pajazwe mawe kutoka tuta la reli, si mchanga. Kisima kifukiwe, na watu wa boma wachimbe upande wa chini tu, wasikaribie bomba kwa urefu wa vyuma viwili vya reli. Wakichimba juu ya hapo, boma litachomwa bila maswali. Na mzee atakaa stesheni. Tangi likijaa kesho kabla ya adhuhuri kama zamani, atarudi kwake. Lisipojaa, basi hili halikuwa tundu lenyewe, na mazungumzo yataanza upya, na hayatakuwa na wakalimani.

Alipanda tuta akaenda zake. Halfani alimwinua Matonya, na safari hii akamwambia askari amletee mzee kofia yake. Kisha akamwinamia Hasani shimoni.

"Nakuombea lijae," alisema. "Kwa ajili ya migongo yetu yote."

Hasani alitaka kuziba saa ileile, lakini haikuwezekana. Risasi ya moto ikikuta maji hulipuka usoni mwa fundi, na koki ya mashariki ilikuwa bado inavujisha uzi mdogo uliotambaa ndani ya bomba na kudondoka kwenye maungio. Alifinyanga udongo wa kichuguu aliouleta Hana, akausukuma ndani kwa kidole kuzunguka pengo, akaongeza katani na kuifunga kwa kitambaa. Tone lilichelewa, kisha likaja. Aliongeza udongo. Lilichelewa zaidi, likaja tena. Ilibidi pakauke, na pakauke kabisa, na hilo lilihitaji usiku mzima.

Alipotoka shimoni jua lilikuwa limeegemea vilima. Maji ya kisimani yalikuwa yameshashuka. Ukuta wa mchanga ulionyesha mstari wa giza mahali yalipokuwa asubuhi. Ng'ombe walikuwa wamerudi na kusimama nje ya ua, na wanawake waliwachotea yaliyobaki, kwa zamu, kuanzia wenye ndama.

Hana hakuwa nao. Alikuwa ameteremka korongo peke yake, akapima kwa kamba urefu aliotajiwa, na kuanza kuchimba mahali papya. Shimo lilikuwa limefika kiunoni. Hasani alikwenda akasimama ukingoni mwake. Mchanga aliokuwa akiutoa ulikuwa mkavu, ukimwagika kati ya vidole kama unga wa mtama.

Alimwuliza kama hapo patatoa maji.

Hana alisema zamani palitoa. Baba mkwe angejua zaidi, lakini hayupo. Akauliza naye, bila kuacha kuchota, kama tangi litajaa.

Hasani alifikiria mabomba yote yaliyolala chini ya mchanga ule, maungio baada ya maungio, na kwamba alikuwa amesikiliza upande wa mashariki wa kisima tu. Kuanzia kisima hadi ukingo wa magharibi nondo haikuwa imefika.

"Sijui bado," alisema. "Alfajiri nitasikiliza sehemu iliyobaki. Halafu ndipo niwashe moto wa risasi."

Alikusanya kuni akaziweka juu ya mawe zisipate umande, akafunika shimo la bomba kwa ngozi ya ng'ombe aliyopewa, na akaiacha nondo nje ya ua. Nyuma yake Hana aliita binti yake alete matawi mengine, kwa sababu kingo zilikuwa zimeanza kuporomoka.